UZI: Bangi ni ruksa Oregon, lakini grinikadi yako haikutolewa na Oregon

Nyamwezi503 (mleta mada)

Wakuu, salaam nyingi kutoka Gresham.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa huku kuna swali haliishi: bangi imeruhusiwa Oregon, duka lake limetazamana na duka la mboga, je mwenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu bila kuwa raia, akivuta ana kosa gani? Na kila likiulizwa anatokea mtaalamu wa kujibu kwamba hakuna kosa, ni sawa na bia. Ukimchunguza mtaalamu huyo, aidha yeye ni raia, au hajawahi kukaa mbele ya ofisa wa uhamiaji akaapishwa. Nimechoka kutuma sauti za dakika tano tano, nimeleta uzi.

Niseme nilipo. Ni msaidizi kwenye ofisi ya mawakili wa uhamiaji. Mimi si wakili. Naandika sheria ilivyo na yale yanayopita mezani kwetu. Mwenye kesi amtafute wakili wake.

Tuanze na jimbo. Oregon ndilo jimbo la kwanza Marekani kuacha kumfunga mtu kwa bangi kidogo. Hiyo ilikuwa 1973, ukikutwa na wakia moja au pungufu ulikuwa unalipa faini, basi. Mwaka 2014 wapiga kura wakapitisha Measure 91, na tangu Julai 2015 mwenye miaka 21 na kuendelea anaruhusiwa kuwa nayo, na tangu Oktoba mwaka huo ananunua dukani. Novemba 2020 wakaenda ambako hakuna jimbo lililowahi kwenda: Measure 110. Hiyo iligusa dawa zote. Chini ya gramu 1 ya heroini, chini ya gramu 2 za kokeni au methi, polisi anakuandikia karatasi ya faini ya dola 100 na kukuacha uende zako. Ukipiga simu fulani ukakubali kufanyiwa tathmini ya afya, hata hiyo faini inafutwa. Ilianza Februari 1, 2021. Aprili 2024 Gavana Tina Kotek akatia saini HB 4002, na kuanzia Septemba 1, 2024 kukutwa na dawa ngumu ni jinai tena, unaweza kuishia jela hadi siku 180. Bangi haikuguswa, bado iko madukani.

Sasa upande wa pili. Sheria ya dawa ya serikali kuu, yaani ya shirikisho, ni ya 1970 na Oregon haina uwezo wa kuifuta. Mahakama ya Juu ilishalimaliza hilo 2005 kwenye kesi ya Gonzales dhidi ya Raich: wagonjwa California walikuwa wanatumia bangi kwa ruhusa ya jimbo lao, mahakama ikasema serikali kuu bado ina mamlaka ya kuikataza. Raia hilo halimkoseshi usingizi, maana hakuna ofisa wa shirikisho anayemfukuzia mtu msokoto mmoja. Mgeni ndiye linayempata. Viza, grinikadi, uraia, kuingia na kutoka, vyote viko mikononi mwa shirikisho peke yake, na sheria ya uhamiaji ikitaja dawa za kulevya inasoma orodha ya shirikisho.

Nitaendelea na mambo matatu manne. Mwenye swali aweke hapa hapa, PM sijibu.

Kamanda Mbezi

Nimevuta kiti. Ila nchi gani hiyo, duka la bangi mkabala na mchicha.

BintiUjiji

Mkuu Nyamwezi, kwa hiyo hata ambaye hajawahi kukamatwa ana shida? Nina kaka yangu yuko kwenye shamba la bangi kusini mwa Oregon, anafunga na kupima. Ana W-2, ile karatasi ya mwaka ya mshahara na kodi, anakatwa kodi vizuri, bosi ana leseni ya jimbo imetundikwa ukutani. Mwaka huu anajaza fomu ya uraia.

Nyamwezi503

BintiUjiji, mwambie kaka yako asiitume hiyo fomu kabla hajaonana na wakili wa uhamiaji. Nasema kwa uzito wote.

Aprili 2019 USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya grinikadi na uraia, walitoa mwongozo unaosema wazi kwamba kujihusisha na bangi, ikiwemo kufanya kazi kwenye biashara yake, kunaweza kumkosesha mtu sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwenye uraia, hata kama jimbo limeruhusu. Hiyo fomu yenyewe, N-400, inauliza kama umewahi kulima, kuzalisha, kusambaza au kuuza dawa inayodhibitiwa. Akijibu "hapana" amedanganya chini ya kiapo, na W-2 yenye jina la kampuni ya bangi ipo mamlaka ya kodi. Akijibu "ndiyo" amejikabidhi. Zile karatasi za mshahara ambazo sisi wote tunafundishwa kuzitunza kama mboni ya jicho, kwake ndizo ushahidi.

Na kwenye sheria ya uhamiaji kuna jambo ambalo raia halimhusu kabisa: kukiri bila kesi. Mtu anayeomba kuingia, au anayeomba grinikadi, anaweza kukataliwa kwa sababu tu amekiri mbele ya ofisa kwamba alitenda kosa la dawa za kulevya. Hajakamatwa, hajapelekwa mahakamani, hana hata faini. Ofisa kauliza, "umewahi kuvuta?", yeye kajibu kwa bashasha, "si ni halali hapa?"

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, anaweza kuwa na shida.

BintiUjiji

Mungu wangu. Nampigia sasa hivi.

Kamanda Mbezi

Mimi sielewi kwa nini mnaihurumia hiyo Oregon. Video za Portland tumeziona sisi huku Dar, watu wamejikunja barabarani saa nne asubuhi wanavuta fentanili na polisi anapita. Waliachia mateja, jiji likaharibika, wakarudisha sheria. Somo limeisha. Teja afungwe.

Nesi wa Tandale

Kamanda, ukifunga teja gerezani unamwachisha au unampumzisha? Huku kwetu Muhimbili walianza kutoa methadone, dawa ya kuwaachisha watu heroini, 2011, na sikumbuki kama ilikuwa ni kwa sababu magereza yalikuwa yamewaponya. Watu wanakuja kila asubuhi, wanakunywa dozi yao mbele ya mhudumu, wanaondoka kwenda kubeba mizigo sokoni. Wapo waliokuwa wanaiba sufuria za mama zao, leo wana vibanda vyao.

Lakini na mimi Oregon nina swali nalo. Ile faini ya dola 100, asiyelipa alifanywa nini?

Nyamwezi503

Nesi umegonga penyewe. Hakufanywa kitu.

Waliiga Ureno, ambako tangu 2001 kukutwa na dawa ya matumizi yako ya siku 10 si jinai. Ila Ureno ukikamatwa unapelekwa mbele ya jopo la watu watatu, unakaa kitako unaulizwa hali yako, na jopo lina meno: linaweza kukutoza faini, kukuzuia leseni fulani, kukuelekeza matibabu. Oregon walichukua sehemu ya kutofunga wakaliacha jopo. Wakaweka namba ya simu. Ukaguzi wa jimbo ulikuta waliopiga ile simu katika miezi 15 ya mwanzo ni watu 119. Jimbo zima! Karatasi zilikuwa zinachanwa mbele ya polisi aliyeziandika. Na fedha za matibabu, zilizotoka kwenye kodi ya bangi hiyo hiyo, zilichelewa kufika kwa vituo wakati sheria ilishaanza.

Upande wa vifo, Kamanda, usikimbilie. Fentanili iliingia pwani ya magharibi miaka ile ile. Watafiti waligawanyika, ila waliochukua hesabu ya lini fentanili ilitapakaa kila jimbo hawakuona kwamba Measure 110 ndiyo iliyoongeza vifo. Mimi nilikuwa napanda treni ya MAX kila siku kipindi hicho, sitamwambia mtu kwamba hali ilikuwa nzuri. Januari 2024 gavana, meya na kaunti walitangaza dharura ya siku 90 katikati ya jiji. Watu walichoka, nami naelewa walichoka.

Lakini uzi huu sikuuleta kwa ajili ya kuamua nani alishinda. Kuna jambo la wageni ndani yake ambalo magazeti hayakuligusa, na ndilo linalonikera.

Ile karatasi ya Measure 110 haikuwa jinai. Ilikuwa kwenye daraja la makosa wanayoyaita violation. Mwaka 2004 Bodi ya Rufaa ya Uhamiaji iliamua kesi iliyotoka Oregon hapa hapa, ikasema kosa la daraja hilo, ambalo halithibitishwi kwa kiwango cha kesi ya jinai, si "kutiwa hatiani" kwa maana ya uhamiaji. Maana yake ni nini? Kwa miaka mitatu na nusu, mkimbizi aliyekutwa na kete mfukoni alikuwa na karatasi ya dola 100 ambayo yenyewe haikumfukuzisha nchini. Tangu Septemba 1, 2024 kete ile ile ni kosa la jinai la dawa inayodhibitiwa, na hilo, kwa sheria ya shirikisho, linatosha kumwondoa mwenye grinikadi hata kama hakulala jela usiku mmoja. Raia na mgeni wanasimama kwa hakimu mmoja, kosa moja, adhabu moja ya uangalizi. Mmoja anarudi kazini. Mwingine anaweza kuanza safari nyingine kabisa.

MtotoWaUvira

Ndugu, hapo umesema kweli. Sisi Wakongomani wengi tumefika huku kwa kambi, Nyarugusu, Kakuma, Nakivale. Watoto wetu wamesoma hapa, wanafikiri ni Waamerika. Mtoto ana miaka 20, rafiki zake raia, wote wamekamatwa gari moja. Rafiki anacheka, yeye mama yake analia.

Je, kule kwenye HB 4002 hakuna mpango wa kuwaepusha na mahakama?

Nyamwezi503

Upo, ndugu yangu, na ndio ninaotaka kila mzazi aujue.

Sheria mpya iliruhusu kila kaunti kuunda mpango wa kumwelekeza mtu kwenye matibabu kabla mashtaka hayajafunguliwa. Akimaliza, mashtaka hayafunguliwi. Kila kaunti imejipangia masharti yake, na si kaunti zote zilizokubali kuingia, kwa hiyo mtu wa Multnomah, kaunti ya Portland, na mtu wa kaunti ya jirani wanaweza kukutana na milango tofauti. Kwa mgeni huu mpango ni bora kuliko karibu kila kitu kitakachokuja baadaye, kwa sababu hajasimama mahakamani akakiri.

Balaa liko kwenye mipango mingine, ile ya "kiri sasa, timiza masharti mwaka mmoja, halafu tunafuta". Mwendesha mashtaka anaitoa kwa roho nzuri. Wakili wa utetezi anayelipwa na serikali, mwenye mafaili mia mezani, anaipokea kwa furaha. Jaji anampongeza mtu mwisho wa mwaka, wanapiga makofi kabisa. Kwa jimbo hakuna kosa. Lakini sheria ya uhamiaji ina tafsiri yake ya kutiwa hatiani: ukikiri, au ukikubali maelezo yanayotosha kukutia hatiani, na jaji akakuwekea adhabu au kizuizi chochote cha uhuru wako, umetiwa hatiani. Kufutwa baadaye hakuhesabiki.

Mfano wa wazi ni Adrian Moncrieffe, Mjamaika aliyeletwa Marekani na miaka mitatu. Mwaka 2007 polisi Georgia walimkuta na gramu 1.3 za bangi ndani ya gari. Gramu moja nukta tatu, wakuu, hiyo ni misokoto miwili mitatu. Alikiri kumiliki kwa nia ya kusambaza chini ya mpango wa wakosaji wa mara ya kwanza, akapewa uangalizi wa miaka mitano, na Georgia ikasema akitimiza hatahesabika kuwa na hatia. Serikali kuu ikamhesabu kuwa amefanya kosa kubwa lililokithiri, lile ambalo halina hata nafasi ya kumwomba jaji huruma. Ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu, na 2013 ndipo majaji saba dhidi ya wawili waliposema hapana, gramu hizo haziwezi kuwa kosa la daraja hilo. Hata hivyo hawakusema kwamba yuko salama. Walimfungulia tu mlango wa kuomba.

California waliliona tatizo hili wakabadilisha: tangu Januari 2018 mpango wao wa kuwaepusha watu wa kosa la kumiliki haumtaki mtu akiri kwanza. Anakana kosa, kesi inasimama, anafanya masomo yake, kesi inafutwa bila kukiri popote. Ndiyo maana nasema jimbo likitaka linaweza kumlinda mgeni kwa namna lilivyoandika sheria yake. Halibadilishi sheria ya shirikisho, linachobadilisha ni karatasi inayozalishwa.

Dereva wa Boise

Mkuu, mimi ni mtu wa lori, Portland kwenda Salt Lake kila wiki. Nina la kuongeza.

Ukitoka Oregon kwa I-84 mji wa mwisho ni Ontario. Maduka ya bangi pale yamejaa magari yenye namba za Idaho. Unavuka mto Snake, upo Idaho, na Idaho hawana utani: haijaruhusiwa hata ya mgonjwa. Polisi wanajua kabisa magari yanatoka wapi. Kwa hiyo lile pakiti ulilonunua ukapewa na risiti, dakika kumi mbele ni jela ya hadi mwaka mmoja.

Januari 2019 dereva wa lori alikamatwa Idaho na pauni zaidi ya 6,700 za katani, si mkonge bali hemp, jamii ya bangi isiyolewesha, inakwenda Colorado. Karatasi zote alikuwa nazo. Bunge la Marekani lilishairuhusu katani mwezi mmoja tu nyuma. Idaho wakasema kwetu ni bangi, wakamfungulia mashtaka ya usafirishaji yenye kifungo cha lazima cha miaka mitano. Yalikuja kupunguzwa hadi kosa dogo, lakini mzigo ulibaki kwao na jamaa alionja rumande. Sasa mimi mzigo wowote wa majani naukataa, walipe watakavyolipa.

MwanaMeru

Sasa nyinyi mmeongea bangi tu. Vipi miraa? Mimi niko Seattle na kuna mzee mmoja wetu anasema miraa si dawa ya kulevya, ni mmea, wazee wanakula harusini. Anataka aletewe na mtu anayetoka Nairobi.

Nyamwezi503

MwanaMeru, mwambie mzee atulie kabisa.

Jani bichi la miraa lina kathinoni, na kathinoni iko Orodha ya Kwanza ya shirikisho, ile yenye masharti makali kuliko zote, pamoja na heroini. Likikauka kathinoni inapungua inabaki kathini, ambayo iko Orodha ya Nne. Kwa hiyo lile jani mnalolifunga kwa majani ya mgomba ili lifike likiwa bichi, ndilo lenye kosa kubwa. Tunaweza kubishana mpaka kesho kama ni haki, Meru wanaishi kwa zao hilo na Uingereza ilikuwa soko halali mpaka walipoipiga marufuku Juni 2014. Ofisa wa forodha hatakuwa na muda wa mjadala huo. Na kumbuka hakuna jimbo lililofungua maduka ya miraa, hivyo huna hata ule udanganyifu wa kusema "si imeruhusiwa".

Kibaya zaidi, msamaha mdogo uliopo ni wa bangi peke yake. Sheria inasema mwenye grinikadi hafukuzwi kwa kosa moja tu la kumiliki bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake. Moja, si mawili. Bangi, si miraa, si kidonge cha rafiki.

MwanaMeru

Na huo msamaha wa gramu 30 si unatosha basi kwa wavutaji? Wakia moja ni gramu 28.

Nyamwezi503

Hapo ndipo watu wanapoumia, na nitaeleza kwa kisa kimoja nikibadilisha mambo yasimtambulishe mtu.

Alikuja baba mmoja ofisini, Mtanzania, grinikadi ya miaka mingi, fundi wa viyoyozi. Mama yake amefariki Kigoma. Ameshika simu, tiketi iko kwenye kioo, imebaki kubonyeza kulipa. Alipita tu kuuliza kitu kingine, kuhusu mtoto wake. Katika mazungumzo akasema, "halafu niliwahi kulipa faini ya bangi jimbo la jirani, ila iliisha." Wakili akamwomba asibonyeze kwanza.

Ule msamaha wa gramu 30 unamkinga mtu asifukuzwe akiwa ndani. Haupo kwenye sheria ya kuingia. Na mwenye grinikadi mwenye kosa la dawa za kulevya akitoka nje na kurudi, uwanja wa ndege wanaweza kumhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya. Yaani yule yule, kosa lile lile: akikaa Portland haguswi, akienda kumzika mama yake anaweza kuzuiwa mlangoni anaporudi. Ipo njia ya kuomba kusamehewa kwa bangi kidogo, lakini inaombwa kwa masharti, na haina uhakika wowote wa kukubaliwa.

Hakusafiri. Alishiriki maziko kwa video, ndugu zake wakamwelewa vibaya na wengine mpaka leo wanasema Marekani imemlevya. Hawezi kuwaambia sababu.

BintiUjiji

Hii imeniuma.

Kamanda Mbezi

Bado nasema asingevuta. Ila sikujua kama adhabu inaweza kukaa miaka yote hiyo ikingoja msiba.

Swali, hao mawakili wao wa mahakamani hawasemi haya mapema?

Nyamwezi503

Wanatakiwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. José Padilla alikuwa dereva wa lori kama Dereva wa Boise hapo juu, mzaliwa wa Honduras, alipigana Vietnam upande wa Marekani, amekaa nchini kihalali zaidi ya miaka 40. Akakamatwa na bangi ndani ya trela. Wakili wake akamwambia asiwaze mambo ya uhamiaji, amekaa sana. Akakiri, na kukiri kule kukafanya kufukuzwa kwake kuwe karibu lazima. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumwambia mteja wake mgeni kama kukiri kutamfukuzisha.

Uamuzi mzuri sana. Ila utekelezaji wake unategemea wakili kuwa na muda, na Oregon kwa miaka hii imekosa hata mawakili wa kutosha wa kuwatetea wasio na fedha. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamuru walioko rumande bila wakili kwa siku saba waachiwe. Sasa fikiria kijana wa MtotoWaUvira ndani ya foleni hiyo.

Kwa hiyo mzazi usisubiri kuambiwa. Wakili wa kwanza utakayekutana naye, sentensi ya kwanza iwe: "Mwanangu si raia." Kisha omba azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini kitu chochote. Akikuambia "hii haina madhara, itafutika", muulize, "anakiri au hakiri?" Jibu la hapo ndilo litakaloamua.

MtotoWaUvira

Asante sana. Nitaitafsiri kwa Kibembe niiweke kwenye grupu la kanisa. Unaniruhusu?

Nyamwezi503

Chukua, ndugu. Ondoa tu kisa cha Kigoma.

Dereva wa Boise

Nimebakiza moja, mkuu. Kuna vijana wetu wapya wa CDL, leseni ya kuendesha malori, wanadhani kwa kuwa wanavuta Oregon, wikiendi, nje ya kazi, kampuni ya Oregon haina la kuwafanya. Juzi mmoja kaitwa kipimo cha kushtukiza, akaona akimbie, akasema bora kukataa kuliko kukutwa nayo. Nimemwambia amejimaliza ila nataka asikie kwa mtu wa sheria.

Nyamwezi503

Umemwambia sawa. Udereva wa kibiashara uko chini ya wizara ya usafirishaji ya shirikisho, na kwao hakuna jimbo lililoruhusu wala lililokataza. Kukataa kipimo kunahesabika sawa na kukutwa nayo. Kunaingizwa kwenye ile rejista ya madereva, Clearinghouse, iliyoanza Januari 2020, ambayo kila mwajiri anatakiwa kuitazama kabla ya kuajiri. Tangu Novemba 18, 2024 jimbo linalazimika pia kumshushia leseni, hivyo hata kuhamia kampuni nyingine haisaidii. Na asije na hadithi ya mafuta ya CBD, walishatangaza 2020 kwamba hayo si utetezi.

Njia ya kurudi ipo: aonane na mtaalamu aliyeidhinishwa wa masuala ya matumizi ya dawa za kulevya, amalize atakachopangiwa, apimwe akiangaliwa na mtu, kisha vipimo vya kushtukiza visivyopungua sita ndani ya miezi 12 ya mwanzo. Gharama mara nyingi ni zake. Rekodi inakaa angalau miaka mitano.

Yeye ni raia?

Dereva wa Boise

Grinikadi. Miaka miwili.

Nyamwezi503

Basi kabla hajaongea na huyo mtaalamu akaanza kuandika maelezo kwamba huwa anavuta tangu lini na anapata wapi, aonane na wakili wa uhamiaji kwanza. Mwambie leo.